Vidole vya Wifi Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Nesi wa kiwandani amenipa daftari hili na kuniambia niandike kila vidole vinapobadilika: mkono upi, saa ngapi, kwa muda gani, nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia miaka sita sijaandika kitu zaidi ya orodha ya zamu. Akasema, "Basi andika kama orodha."

Haya. Leo saa mbili na robo asubuhi, kwenye tangi la barafu, vidole vitatu vya mkono wa kulia viligeuka vyeupe kama mshumaa, halafu vikawa buluu, halafu vikarudi vyekundu vikiuma kana kwamba vimegongwa nyundo. Dakika kumi na nane. Nilikuwa nahesabu mabawa.

Kabla ya kuniamini, nesi alivipangusa kwa pamba yenye spiriti. Anasema wapo wanaokuja kwake na hofu ya vidole vya buluu, kumbe wamefua jinzi mpya. Rangi yangu haikutoka. Akatazama ulimi, akatazama ufizi, akabonyeza ukucha na kuhesabu damu inarudi baada ya muda gani.

"Wewe ni baridi tu," akasema. "Mishipa yako ina woga. Ikiguswa kidogo inajifunga. Ukijipasha moto inafunguka."

Mishipa yangu ina woga. Mimi mwenyewe sina. Ndiyo maana nasimamia mkanda wa pili wa kiwanda cha kuku, wanawake kumi na wanne, kuku elfu tatu kwa zamu. Wananiita Bi Saa, wakidhani sisikii.

Jumatano, 4 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Vidole viwili, dakika kumi na mbili. Kuku wa leo wembamba.

Ijumaa, 6 Juni

Wifi yangu ameanza kazi leo, kwenye mkanda wangu.

Sikupenda. Mume wangu ni seremala, mtu mpole asiye na makuu, ila ana udhaifu mmoja: mdogo wake. Mama yao alifariki msichana akiwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyemlea. Nilipoolewa nilikuta mtoto ndani. Mtoto huyo sasa ana miaka ishirini na minne na bado wanamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yao. Mwembamba, macho makubwa, sauti ya chini. Watu wanampenda kabla hajafanya lolote.

"Mwingize kwako," mume wangu alisema. "Utakuwa unamwangalia."

"Nitamwangalia," nikajibu.

Neno hilo lina pande mbili, na nadhani kila mmoja wetu alishika upande wake.

Vidole vinne, mikono yote miwili, dakika ishirini. Saa nne asubuhi.

Jumanne, 10 Juni

Kitinda anachuchumaa. Wenzake wanafunga mapaja kwenye mifuko, wanasimama saa mbili mfululizo. Yeye kila baada ya kubeba kreti tatu nne anapotea nyuma ya rundo, na ukienda unamkuta amechuchumaa, magoti kifuani, kichwa chini. Hasinzii. Amekaa tu, anahema.

Redio, yule mama anayefunga vidari na asiyeufunga mdomo, akaniambia mbele ya wote, "Msimamizi, wifi yako anataga. Tumhesabie mayai na yeye."

Walicheka. Nilicheka pia, maana usipocheka wanajua limekuingia. Halafu nikaandika kwenye daftari la maonyo: kuchuchumaa wakati wa kazi, onyo la mdomo. Nikimhurumia yeye, kesho hao kumi na watatu watasema msimamizi anakula na nduguze.

Alhamisi, 12 Juni

Tunakaa ghorofa ya tatu. Nimemfuata kwa nyuma leo tukitoka kazini. Anapanda ngazi kumi, anasimama dirishani kama anayetazama mandhari. Nje ya dirisha lile kuna ukuta wa jirani na bomba la maji machafu. Hakuna binadamu anayetazama bomba la maji machafu kila jioni.

Ndoo za maji nimebeba mimi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu yupo mwaka wa kumi na tano.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua. Vidole vitatu, dakika kumi na tano. Onyo la pili kwa Kitinda. La tatu saa nane mchana.

Jumatano, 18 Juni

Amekuja mezani kwangu saa nne, amevua glavu.

"Wifi, naomba karatasi niende kwa nesi. Vidole vyangu vinageuka buluu."

Bila karatasi ya msimamizi nesi hamwoni mtu saa za kazi. Ndiyo sheria, na kalamu ninayo mimi.

Nilivua glavu zangu nikamtandikia mikono juu ya meza. Ilikuwa saa yangu mbaya. "Na hivi ni vya nani?"

Akavitazama kwa makini, kama anayesoma tangazo. Akasema polepole, "Lakini vyako vinarudi, wifi."

"Na vyako vitarudi. Miaka sita niko hapa na sijafa. Vaa glavu mbili."

Nikampa jozi yangu ya akiba. Akasema asante. Alirudi mkandani, na mimi nikajiona nimetenda wema.

Jumamosi, 21 Juni

Tumegombana, mimi na mume wangu. Alikuwa anakwangua mlango wa kabati, akaongea bila kuinua macho: "Mtoto anarudi amechoka sana. Usimsumbue."

Nikamwuliza mimi narudi nikiwaje. Akaendelea kukwangua. Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho amenitazama mikono. Akaweka msasa chini, akaja, akaishika mikono yangu. Ilikuwa imeshapashwa moto na maji ya kuoshea vyombo, rangi yake nzuri kabisa.

"Iko sawa," akasema.

Ningeweza kumpiga na ule mlango wa kabati.

Alhamisi, 26 Juni

Ameomba tena karatasi. Safari hii anasema kichwa kinamgonga na anaona giza akiinuka. Tulikuwa na oda ya hoteli, gari linasubiri mlangoni, Redio amechelewa, mkanda umesimama mara mbili.

"Baada ya oda," nikamwambia.

Oda ilikwisha saa kumi. Nesi huondoka saa tisa. Nilikuwa nalijua hilo wakati nasema.

Vidole vinne, dakika ishirini na tano.

Jumanne, 1 Julai

Meneja ametuita wasimamizi watatu. Watu wawili wa chumba cha kugandishia wameacha kazi. Anataka kila mkanda utoe mtu mmoja kwa wiki mbili. Kule ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, unapanga makreti hadi juu ya kichwa, unatoka kila dakika arobaini kuota moto kwa dakika kumi, unarudi. Wanatupa makoti mazito yenye harufu ya watu waliotangulia.

Nilikuwa na majina kumi na manne mbele yangu. Wapo wanawake wenye mabega kama milango. Nimeandika jina la Kitinda.

Daftari hili ni la vidole, lakini nimeshaanza kuandika mengine, basi niandike na sababu. Ya kwanza nimeshaisema: wasiseme napendelea. Ya pili, Redio ana watoto wadogo. Hizo ndizo nilizomwambia meneja. Ya tatu ni kwamba asubuhi mume wangu alimmenyea mdogo wake yai la kuchemsha na kulitia chumvi, halafu akanisogezea mimi la kwangu na ganda lake.

Ijumaa, 4 Julai

Kitinda hajalalamika. Nilitaka alalamike. Nilikuwa nimeandaa jibu.

Jumatatu, 7 Julai

Meneja amenisifu mbele ya wasimamizi wenzangu kwa kutokuwa na upendeleo. Vidole viwili, dakika kumi.

Alhamisi, 10 Julai

Anarudi, anakaa kwenye kiti, analala akiwa ameketi na koti mwilini. Akilala chali anasema pumzi inamkimbia. Jana alipanda ngazi zetu kwa robo saa. Mume wangu alishuka kumpokea, akamshika kiuno, wakapanda wote kama wazee wawili.

"Huyu anakwisha," akaniambia jikoni.

"Kazi ndiyo ilivyo."

"Nimekuuliza kazi?"

Moyoni nilikuwa bado nasema anajidekeza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 13 Julai

Jua limetoka leo, jua kali la mchana baada ya mwezi mzima wa mawingu. Wanawake wa jengo zima walipanda juu ya paa na nguo zao mbichi. Kitinda nilimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa anishikie vibanio, kwa kuwa kuinua mashuka hawezi. Alikuwa pia anashona kifungo cha shati la kaka yake.

Nilinyoosha mkono anipe kibanio. Vidole vyetu vikagusana.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Alikuwa amekaa juani nusu saa, jasho limemtoka puani. Na kucha zake zilikuwa buluu. Buluu ya wino uliomwagika na kukaukia chini ya ukucha.

Nikatazama zangu. Zilikuwa nyekundu na safi.

Nikamwambia weka sindano chini, nionyeshe mikono. Kucha zake zilikuwa zimevimba, zimejipinda kama mgongo wa kijiko, na ncha za vidole zimekuwa nene. Hazikuwa za wiki mbili hizo. Nikamwambia vua kandambili. Vidole vya miguu hali ile ile, vyote kumi, na simiti ya paa ilikuwa inachoma.

Nilitafuta sababu ya kujituliza. Nikamwambia fungua mdomo. Ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau.

"Umekula zambarau?"

"Msimu wake bado, wifi."

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu zamani kidogo kidogo. Siku hizi ndiyo imezidi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Swali hilo nimeliuliza mimi, kwa mdomo wangu. Alinitazama bila hasira, kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba na hajui amwambieje. Kisha akaokota sindano.

Mashuka mengine sikuyaanika. Nilimshusha ngazi mimi mwenyewe, ngazi moja moja. Kwenye kila dirisha nilisimama naye tukatazama ule ukuta.

Jumatatu, 14 Julai

Sikumpeleka kazini. Nilimpeleka kwa nesi, na karatasi ya ruhusa nilimwandikia mimi mwenyewe.

Nesi alianza kama alivyoanza kwangu: pamba na spiriti. Rangi haikutoka. Akamtia kile kidude kidogo cha kubana kidole, kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Kikasoma sabini na sita. Akakitoa, akabadilisha betri. Sabini na saba. Akanitia mimi, mikono yangu ilikuwa baridi, kikaonyesha vistari tu. Akaniambia weka mkono kwapani, subiri. Kisha kikasoma tisini na nane.

"Unaona?" akasema. "Wewe damu yako ina hewa ya kutosha, ila haifiki vidoleni kwa sababu mishipa imejifunga. Ipashe moto, inafika. Huyu damu inafika vizuri sana, lakini haina hewa. Hata umweke kwenye tanuri atabaki buluu."

Akamgeuza Kitinda dirishani, akamvuta mdomo wa chini. Ufizi ulikuwa kama ulimi.

"Sisi weusi ngozi inatuficha," akasema. "Kucha, ufizi na ulimi ndio mashahidi. Mikono na miguu peke yake ikigeuka, kwanza uliza baridi. Kidole kimoja au mguu mmoja ukigeuka ghafla na kuuma, damu imeziba, kimbia. Ulimi ukigeuka, uliza mapafu na moyo, na usingoje kesho." Alisema hayo huku akiandika barua ya hospitali kuu, haraka, kalamu inachimba karatasi. "Anafanya kazi sehemu gani?"

"Kwenye kugandisha," nikasema.

"Nani alimpeleka huko?"

"Mimi."

"Na hakuomba kuja kwangu hata siku moja?"

Kitinda alikuwa amekaa pale kitandani, anafunga vifungo vya blauzi. Ningesema hakuomba, asingenipinga. Najua asingenipinga.

"Aliomba," nikasema.

Kalamu ya nesi ikasimama. Alimalizia barua akampa Kitinda mkononi, siyo mimi.

Jumatano, 16 Julai

Hospitali kuu. Tulikuwa watatu, mume wangu katikati. Walimpaka Kitinda mafuta kifuani, wakapitisha mashine, na kwenye kioo tukauona moyo wake unavyojitahidi.

Daktari wa moyo ni mwanamke wa umri wangu, anaongea taratibu. Alisema Kitinda amezaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Damu iliyokwisha hewa haiendi yote kuchukua hewa mpya. Nyingine inapenya kwenye tundu na kurudi mwilini vile vile ilivyo. Mwili ukaona upungufu, ukatengeneza damu nyingi zaidi ili kufidia, hadi imekuwa nzito kama uji. Ndiyo maana kichwa kinamgonga.

"Baridi ndiyo imemfanya hivi?" mume wangu akauliza.

"Tundu amezaliwa nalo. Lakini kunyanyua makreti kwenye barafu kwa moyo huu," akatikisa kichwa, "ameponea chupuchupu." Akamgeukia Kitinda. "Ulipokuwa unachoka ulikuwa unafanyaje?"

"Nachuchumaa."

"Tangu utotoni?"

Mume wangu akadakia. "Alikuwa anachuchumaa hata akicheza kombolela na wenzake. Tulikuwa tunamcheka."

"Nani alimfundisha?"

"Hakuna."

"Mwili wake ulijifundisha," daktari akasema. "Akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa, damu nyingi zaidi inasukumwa kwenda mapafuni. Kila alipochuchumaa alikuwa anajiokoa."

Onyo la mdomo, mara tatu. Mwandiko wangu.

Anaweza kupasuliwa. Daktari alisema, "Kachelewa, lakini anaweza." Wamemlaza.

Kwenye korido nikamwambia mume wangu. Nilijua nikifika nyumbani nitapata visingizio, basi nikamwambia pale pale, tumesimama karibu na toroli la mashuka machafu. Nikamweleza za karatasi na za kugandisha. La yai sikumwambia.

"Aliomba mara ngapi?"

"Mbili."

Alikuwa na penseli yake nyuma ya sikio, anakwenda nayo kila mahali. Akaitoa, akaitazama, akairudisha.

"Nilikupa umwangalie," akasema.

Jumapili, 20 Julai

Hapigi kelele. Ananisalimia, anakula ninachopika, anashukuru. Mtu mwenye bahati hutukanwa, yakaisha.

Jumatano, 30 Julai

Vidole vitatu, dakika kumi na saba. Nimeona haya kuandika.

Jumanne, 5 Agosti

Meneja ameniita, akanikaribisha chai, mlango akaufunga. Mezani kulikuwa na karatasi iliyokwisha chapwa. Inasema mfanyakazi aliingia kazini akiwa ameficha ugonjwa, na kwamba hakuwahi kutoa taarifa yoyote kwa msimamizi wake.

"Alisema ana ugonjwa wa moyo siku ya kuajiriwa?" akaniuliza.

"Hakuwa anajua."

"Kwa hiyo hakusema. Saini hapa."

"Na hii sentensi ya pili?"

Akakoroga chai yake, ijapokuwa sukari ilishayeyuka zamani. "Bi mkubwa, mimi nakusaidia wewe. Ikiwa alitoa taarifa, basi kuna mtu alizipokea akazikalia. Utaniambia ni nani?"

Nikisaini, Kitinda anaachishwa kazi kwa udanganyifu, akiwa kitandani, na likizo ya ugonjwa haipati. Nisiposaini, jina langu ndilo litakalojaza nafasi ya mwenye kosa. Nikamwomba hadi kesho.

"Kesho," akasema. "Maliza chai kwanza."

Nikaimaliza. Sijui kwa nini niliimaliza.

Jumatano, 6 Agosti

Sikusaini. Nimeandika karatasi yangu kwa mkono: tarehe 18 Juni aliomba kumwona nesi, nikakataa. Tarehe 26 Juni aliomba tena, nikachelewesha makusudi hadi nesi akaondoka. Tarehe 1 Julai nikampeleka kwenye kugandisha. Maonyo matatu ya kuchuchumaa ni yangu. Nakala moja kwa meneja, moja kwa nesi, moja kwa mwakilishi wa wafanyakazi.

Nisijipambe. Sikuandika kwa wema. Nilipoisoma ile sentensi ya pili nilisikia jinsi ilivyo laini, jinsi ambavyo ningeishi ndani yake salama miaka yote iliyobaki, na nikajiogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Kitinda amepewa likizo ya ugonjwa. Mimi nimevuliwa usimamizi na kupelekwa kunyonyoa manyoya.

Kule kuku wanatumbukizwa kwenye maji ya moto, mvuke umejaa hadi darini, harufu ya manyoya mabichi inakufuata hadi kitandani. Wasichana wa umri wa Kitinda wananifundisha. Nachelewa, wananisubiri.

Vidole havijageuka hata mara moja wiki nzima. Miaka sita nilikuwa nahitaji maji ya moto, nimeyapata kwa adhabu.

Jumanne, 19 Agosti

Redio ndiye msimamizi wa mkanda wa pili. Anasaini karatasi za ruhusa bila kuzisoma, huku anaongea na mtu mwingine. Kuku bado wanatoka elfu tatu kwa zamu.

Alhamisi, 28 Agosti

Wamepanga upasuaji tarehe tisa. Mume wangu anakwenda kila jioni, ananiletea habari kama mtu anayesoma barua ya jirani: amekula, amelala, wamempunguza ile damu nzito. Nimeuliza kama naweza kwenda. Akasema Kitinda hajakataa. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Hajaomba pia."

Jumanne, 9 Septemba

Upasuaji umechukua saa saba nzima. Tulikaa benchi moja, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Saa tisa alasiri daktari akatoka na kofia yake ya kijani, akamtafuta mume wangu kwa macho.

"Amevuka," akasema. "Tumeziba, tumepanua njia. Siku tatu hizi ndizo za kuangalia."

Mume wangu aliinama, akaweka paji la uso kwenye magoti yake. Nikaweka mkono mgongoni kwake. Hakuutoa. Hakuuegemea pia.

Ijumaa, 12 Septemba

Bado yupo. Wametoa mpira mmoja wa kifuani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda peke yangu, mchana, baada ya zamu ya asubuhi. Wodini vitanda sita, vitano vina wageni. Kitinda alikuwa amekaa, mto mgongoni, bandeji kutoka shingoni hadi kitovuni. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka. Kucha bado zimejipinda, daktari anasema hizo zitachukua miezi, lakini rangi ilikuwa nyingine. Nyekundu, changa, kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nilizitazama hadi akaziingiza chini ya shuka.

"Shikamoo, wifi," akasema.

Nikaitikia. Nikakaa. Tuliongea juu ya mvua, juu ya chakula cha hospitali, juu ya mgonjwa wa kitanda cha pili anayekoroma. Kisha akavuta pumzi polepole, kwa sababu mshono unauma.

"Kaka kaniambia ulichokiandika kiwandani."

"Ndiyo."

"Ile mara ya kwanza nilipokuomba karatasi. Uliviona vidole vyangu?"

"Niliviona."

"Ukadhani ni kama vyako."

Alikuwa amenifungulia mlango. Sauti yake ilikuwa na upole ule ule niliouchukia miaka kumi na mitano. Ningesema ndiyo, nikapita, na pengine tungerudi kuwa watu wanaoanika nguo pamoja.

"Mara ya kwanza nilidhani hivyo," nikasema. "Ya pili sikudhani kitu. Nilikuwa tu sitaki kukupa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikoroma, akaacha, akaanza tena. Kitinda alitazama dirishani kwa muda mrefu. Safari hii nje kulikuwa na kitu cha kutazama: mti, watu na miavuli, gari la wagonjwa linaoshwa.

"Nilikuwa najua," akasema. "Siku ile ile nilijua. Nilirudi mkandani nikasema moyoni, huyu hanipendi, na sina pengine pa kwenda."

Nilitafuta la kusema, nikakuta ni samahani tu, nikaisema. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka kando aufungue siku nyingine, au asiufungue.

"Nisogezee maji," akasema.

Nikamsogezea. Nilitaka kumshikia kikombe, lakini alikishika mwenyewe kwa mikono miwili. Akanywa kidogo kidogo hadi yakaisha, akanirudishia kikombe, akaniambia niende, kaka yake yuko njiani.